Kutoka 230 hadi 190: shajara ya kutafuta mwavuli wangu mwenyewe

14 Januari 2024. Mruko wa 41

Nimerudi kutoka ufukweni Diani, tunakoruka kutoka ndegeni kwa miavuli (parachuti), nikiwa na michubuko miwili mipya kwapani, na hiyo ndiyo sababu ya kuianza shajara hii. Vifaa nilivyokodi leo vilikuwa vimeshonwa kwa kipimo cha mtu mrefu kunizidi. Mwavuli ulipofunguka, mikanda ya mabega ilipanda hadi masikioni, na kishikio cha mwavuli wa akiba, ambacho mkono wangu umezoea kukikuta ubavuni kushoto, kilikuwa kimesogea karibu upana wa kiganja. Leo sikukihitaji. Lakini siku mwavuli mkuu utakapokataa kufunguka vizuri, sitakuwa na muda wa kukitafuta kishikio hicho kwa macho. Kwa hiyo nimejiwekea kwamba kabla ya mwaka kwisha niwe na seti yangu: mwavuli mkuu, mwavuli wa akiba, mkoba wenye mikanda inayonienea, na kifaa kinachoufungua mwavuli wa akiba chenyewe endapo mimi nimeshindwa.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuujua uzito wangu kamili wa kuruka. Jana jioni nilikwenda na vifaa vya kukodi hadi kwenye duka la nafaka Ukunda, nikavaa kila kitu, suti, kofia ngumu na mkoba mgongoni, kisha nikapanda kwenye mizani ya magunia. Mwenye duka alisoma kilo 87. Hizo ni pauni 192, na pauni ndizo tunazozitumia kwa sababu ukubwa wa mwavuli huandikwa kwa futi za mraba. Ukigawanya pauni kwa futi za mraba unapata mzigo wa bawa, yaani uzito unaobebwa na kila futi moja ya kitambaa. Kwa mwavuli wa 230 ninaoukodi sasa, mzigo wangu ni 0.83. Kwa 210 ungekuwa 0.91, kwa 190 ungekuwa 1.01, na kwa 170 ungefika 1.13.

Tarakimu hizi zinaonekana kukaribiana, na hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Kasi ya mwavuli hupanda kwa kipeuo cha pili cha mzigo wa bawa, kwa hiyo kutoka 210 hadi 170 ningeongeza kasi kwa asilimia 11 hivi tu. Nguvu ya kishindo, hata hivyo, hufuata kasi iliyozidishwa kwa kasi, na hiyo ingeongezeka kwa karibu robo. Tena mwavuli mdogo una kamba fupi, kwa hiyo hupinda haraka zaidi hata pale ambapo mzigo wake ni sawa na wa mwavuli mkubwa, na kila unapopinda kwa nguvu karibu na ardhi unapoteza kimo ambacho hukuwa nacho cha kupoteza.

4 Februari. Mruko wa 49

Nimepewa ofa. Mrukaji mmoja anayerudi kwao anauza seti nzima yenye mwavuli wa 170, na bei yake ni ya kutamanisha kwelikweli. Rafiki yangu tunayeruka naye alinishauri niichukue. Alisema nikikodi 210 kwa miezi michache halafu nikahamia 170 nitaokoa fedha za kununua mara mbili, na kwamba baada ya muda nitauzoea. Ni ushauri wa mtu anayenipenda, na nimeulala kwa siku tatu. Mzazi humnunulia mtoto sare kubwa ili aikulie, na kosa lake, likiwepo, ni mikono ya shati iliyopita vidole. Hapa ninaambiwa ninunue kilicho kidogo, nikivae tangu siku ya kwanza, nami nikue nikiwa ndani yake.

Mwalimu wangu alinielekeza kwenye kanuni inayofundishwa na Brian Germain, rubani wa majaribio na mwalimu wa urushaji wa miavuli: anza na 1.0, kisha ongeza 0.1 kwa kila miruko 100. Kwa miruko yangu 49, kikomo kinakuwa kama 1.05. Mwavuli wa 190 unaingia kwa taabu, na 170 hauingii kabisa. Mwalimu alisisitiza kwamba hicho ni kikomo cha juu ambacho mtu hatakiwi kukivuka, wala si lengo ambalo mtu anapaswa kulikimbilia. Nimekataa ofa. Kuanzia wiki ijayo ninahamia 210.

21 Aprili. Hakuna miruko

Mvua za masika zimetufungia nyumbani, nami nimetumia majuma haya kuyatafakari maumbo ya miavuli yenyewe. Miavuli tunayoiruka leo yote ni watoto wa wazo la Domina Jalbert, ambaye katika miaka ya 1960 alibuni bawa la kitambaa lenye vyumba vilivyo wazi kwa mbele, hewa ikiingia na kulijaza hadi likashika umbo la bawa la ndege. Vyumba vikiwa saba, mwavuli huwa mfupi na mnene, hufunguka kwa utulivu na hushuka kwa mwinamo mkali zaidi; Spectre ni mfano unaojulikana. Vikiwa tisa, mwavuli huwa mpana, huteleza mbali zaidi na huwa na breki (kule kuvuta vishikio vya usukani ili mwavuli upunguze kasi) ndefu yenye nguvu wakati wa kutua. Katika kundi hilo la pili ninaangalia Sabre2 ya Performance Designs na Pilot ya Aerodyne. Pilot inasifiwa kwa kufunguka taratibu. Sabre2 hutangatanga kidogo inapofunguka, mara kushoto mara kulia, lakini wanaoipenda wanaipenda kwa breki zake.

Nimekwishaamua juu ya vyumba tisa, na sababu ni ya hapa petu. Tunatua ufukweni, bahari mbele na minazi nyuma, na siku za upepo hafifu ninataka bawa litakalonifikisha kwenye mchanga kutoka mbali na kunipa breki ya kutosha miguuni.

Suala la kitambaa halikunichukua muda. Miavuli ya zamani ilishonwa kwa F-111, ambacho hupitisha hewa kidogo kikiwa kipya na kupitisha zaidi kadiri kinavyozeeka, hadi siku unayovuta breki na hakuna cha maana kinachotokea. Kitambaa cha ZP hakipitishi hewa, na hudumu hivyo kwa miaka mingi kisipopigwa jua ovyo. Ubaya wake ni utelezi. Niliazima 210 ya ZP nikaikunja sebuleni mara nne mchana mmoja, na kila nilipodhani nimetoa hewa yote, kitambaa kilichomoka chini ya magoti kama samaki aliye hai, huku jasho likinitiririka juu yake na unyevu wa pwani ukizidi kukifanya kigumu kushikika. Mara ya nne nilijifunza kulala juu yake kwa kifua na kusubiri, bila kusukuma, hewa itoke yenyewe.

7 Julai. Mruko wa 79

Haya ya leo ninayaandika nikiwa nimeuweka mguu wa kulia juu ya mto.

Kusi lilikuwa limeshika tangu asubuhi, ingawa bado lilikuwa ndani ya kiwango tunachoruhusiwa. Kundi lililotutangulia lilikawia mlangoni, nami nilipotoka, ndege ilikuwa imekwishavuka ufuko na kuingia bara. Nilifungua kwa futi 4,000. Mwavuli ulikuwa mzuri, nikaugeuza kuelekea baharini, na hapo nikaona kwamba vilele vya minazi chini ya miguu yangu havisogei. Kasi ya mwavuli wangu ilikuwa karibu sawa na ya upepo. Nilisubiri nikitumaini kwamba chini zaidi upepo ungelegea, lakini haukulegea, na kwa futi 1,500 nikauacha ufuko nikaanza kutafuta uwazi. Ninaamini uamuzi huo wa futi 1,500 ndio jambo zuri kuliko yote niliyoyafanya leo, kwa sababu kwa futi 500 nisingekuwa na mahali pa kuchagua.

Uwazi nilioupata ni shamba la mihogo nyuma ya safu ya minazi. Upepo ukipita juu ya kizuizi huvurugika upande wa pili, na tunafundishwa kwamba vurugu hiyo yaweza kufika umbali wa mara kumi hadi ishirini ya kimo cha kizuizi chenyewe. Minazi ya mita 20 ina maana ya mita 200 hadi 400 za hewa isiyoaminika, na shamba zima lilikuwa ndani ya eneo hilo. Mbele yangu palikuwa na mwembe ambao kutoka juu sikuwa nimeuona ukubwa wake. Kwa kimo cha mita 30 hivi nilipinda nikiwa nimeshikilia breki nusu pande zote mbili, nikiachia kidogo upande mmoja na kuongeza kidogo upande wa pili, ili mwavuli ugeuke bila kupiga mbizi. Nilikuwa nimeufanyia mazoezi mpindo huo juu kabisa, zaidi ya mara ishirini. Kisha, karibu na kimo cha ghorofa nne, vyumba vya mwisho upande wa kulia vilisinyaa, vikapiga kelele kama shuka kwenye kamba ya nguo, vikajaa tena. Nikavuta breki zote hadi chini. Nilitua kwa miguu miwili kati ya matuta, kifundo cha kulia kikapinda, nikaanguka kwa magoti, na mwavuli ukaanza kuniburuta hadi nilipovuta kishikio kimoja kwa mikono yote miwili na kuulaza.

Mwenye shamba alinifikia kabla sijasimama.

“Shikamoo mzee. Nisamehe kwa mihogo yako.”

“Marahaba mwanangu. Mihogo itaota. Wewe umeumia?”

“Mguu kidogo tu.”

Alipiga magoti akaanza kukinasua kitambaa kwenye mashina, moja baada ya jingine, kwa uangalifu ambao sikuuona hata kwa baadhi ya wenzangu wanaolipwa kukunja miavuli. “Kusi la leo si la kuchezea,” aliniambia alipomaliza, na sikuwa na la kumjibu. Tulikuta tundu moja la ukubwa wa shilingi. Fundi ameshaliona na ataliziba.

10 Julai

Mguu umevimba lakini haujavunjika. Rafiki yangu alinitembelea na akasema kwa nia njema kwamba mwavuli wa 170 ungenifikisha ufukweni. Nimelifikiria neno hilo kwa siku nzima, kwa sababu ni kweli. Mzigo wa bawa ukiwa mkubwa, mwavuli huukata upepo vizuri zaidi, na huenda nisingelijua shamba lile. Lakini ningeshindwa kwa umbali mdogo tu, ningekuwa ninatua palepale kwenye mihogo, katika hewa ileile, nikiwa na kishindo kikubwa zaidi kwa karibu robo na mpindo unaokula kimo zaidi mbele ya mwembe. Upepo unaouzidi mwavuli wangu unapaswa kushughulikiwa kabla ya kupanda ndege, kwa kubaki chini, au mlangoni, kwa kukataa kutoka na kumwomba rubani azunguke tena. Sitaushughulikia kwa kununua kitambaa kidogo.

Tangu Januari nilikuwa nikijiuliza ni mwavuli gani ninaoweza kuutua vizuri ufukweni, upepo ukiwa wa wastani na maji yamekupwa. Karibu kila mwavuli unatulika hivyo. Ninalopaswa kujiuliza ni ni mwavuli gani ninaoweza kuutua nyuma ya minazi, nikiwa nimechelewa, nimeogopa, na mti uko mbele. Kuanzia leo kila kifaa nitakachokiangalia nitakipima kwa shamba lile la mihogo.

Agosti

Mguu umepona. Nimeandika orodha ya mambo ambayo lazima niyamudu kwa 210 kabla sijagusa 190: kupinda digrii 90 bila kupiga mbizi, kutua upepo ukinipiga ubavuni, kutua kwa breki nusu, kubadili mwelekeo kidogo wakati ninapiga breki, na kuusimamisha mwavuli kwa mikanda ya nyuma, ile inayounganisha kamba na mkoba, bila kugusa vishikio. Hilo la mwisho ninalifanya juu tu.

22 Septemba. Mruko wa 88

Nimepata Sabre2 ya 190 iliyotumika. Muuzaji, ambaye sitamtaja, alisema imeruka mara 300. Nilimwomba fundi aikague kabla sijalipa, tukaitandaza kwenye ukumbi uliofagiliwa, na kwa saa tatu sikufanya lolote ila kushika ncha ya pili ya utepe wa kupimia.

Kitambaa kilikuwa kizuri. Kamba zilisema jambo jingine. Zilikuwa za Spectra, kamba nyembamba zenye nguvu ambazo udhaifu wake ni joto: slaida, kile kipande cha kitambaa kinachoteremka juu ya kamba ili mwavuli usifunguke kwa ghafla, huzisugua kila mruko, na msuguano huo huzifanya zijikunyate. Kamba za usukani za pembeni kabisa ndizo zinazopata msuguano mkubwa kuliko zote. Fundi alizivuta kwa uzito uleule mmoja mmoja, akalinganisha na jedwali la mtengenezaji. Ya kushoto ilikuwa imepungua sentimita 9 na ya kulia sentimita 6. Nilizipitisha kati ya vidole na kuhisi manyoya yaliyosimama kama ya kitambaa cha sufi. Kamba fupi kiasi hicho huushikisha mwavuli breki muda wote, hata mikono ikiwa juu, na tofauti ya pande mbili huufanya ufunguke ukiwa umegeuka. Katika hewa ya nyuma ya minazi, mwavuli ambao tayari unavutwa upande mmoja ni mwavuli uliokwishaamua utaangukia wapi.

Fundi haamini kwamba hizo ni kamba za miruko 300, nami siamini. Nilisikitika, kwa sababu muuzaji ni mrukaji mwenzetu na anajua mtu atakayeninginia chini ya kamba hizo ni nani. Hatukugombana. Nilimwonyesha vipimo, akapunguza bei kwa gharama ya seti mpya ya kamba. Nimeagiza za Vectran, ambazo hazijikunyati. Huchakaa kwa kukatika nyuzi, kwa hiyo nitalazimika kuhesabu miruko na kuzibadilisha kwa wakati, bila kungoja zinikumbushe.

19 Oktoba. Mruko wa 97

Mwavuli wa akiba nimeununua PD (Performance Designs) ya 193. Hapa sikupata kishawishi cha kubana ukubwa, ingawa mkoba mdogo hupendeza mgongoni. Mwavuli wa akiba ndio utakaonishusha siku ambayo nimegongwa kichwa na sina fahamu, breki zikiwa bado zimefungwa katika nafasi ya kufungukia na hakuna wa kuzivuta. Kwa uzito wangu mzigo wake ni 0.99. Mwavuli wa aina hiyo una lebo yenye visanduku, ambamo fundi huweka alama kila anapoufunga na kila unapotumika, na mtengenezaji hutaka urudishwe kwake ukaguliwe baada ya kufungwa mara 40 au kufunguliwa mara 25. Wangu una alama sita za kufungwa na hauna hata moja ya kutumika.

Kifaa cha kufungua chenyewe ni CYPRES 2. Aliyekibuni ni Mjerumani Helmut Cloth, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 1991. Kinapima shinikizo la hewa, na kikiona kwamba karibu mita 225 kutoka ardhini bado ninashuka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde, kinakata kitanzi kinachoufunga mwavuli wa akiba. Nimekinunua kikiwa kimetumika, na jambo la kwanza nililoliangalia lilikuwa tarehe ya kutengenezwa.

Mkoba ulinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Niliukataa mmoja mzuri kwa sababu ulikuwa umeshonwa kwa ajili ya 170, na 190 ingeingia kwa kushindiliwa kwa magoti. Niliouchukua unakubali 210 na 190. Fundi aliupunguza mikanda ya miguu, kisha akanining'iniza kwenye boriti la karakana yake kwa dakika kumi, akiniamuru nifumbe macho na kushika kishikio cha kuachia mwavuli mkuu, kisha cha akiba, mara kumi mfululizo. Mara zote kumi mkono ulifika.

16 Novemba. Mruko wa 103

Ni msimu wa tanga mbili, kusi limechoka na kaskazi halijaamka. Nilitoka peke yangu kwa futi 8,000 na kufungua kwa 6,000 ili nipate muda wa kuzungumza na mwavuli mpya. Ulifunguka taratibu, ukayumba kidogo kushoto, ukatulia. Nilivuta breki pole pole hadi ukasimama na kuanza kurudi nyuma, nikapakumbuka mahali mikono ilipokuwa. Nikaachia, nikarudia mara tatu. Nikapinda bila kupiga mbizi upande wa kushoto, kisha wa kulia. Kwa futi 3,000 niliacha majaribio nikatazama bahari. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga umekuwa mpana na mgumu. Nilipiga breki mapema kidogo kama nilivyozoea kwa 210, mwavuli ukapanda kwa urefu wa mguu mmoja, nikaishikilia mikono palepale bila kuachia, nikashuka kwa hatua mbili.

8 Desemba. Mruko wa 114

Kaskazi limeanza na mchanga unaingia kila mahali. Nimezisafisha nyaya za kuachia mwavuli mkuu na kuzikunjakunja ncha za mikanda yake, kazi ya kila mwezi kwa mfumo wa pete tatu aliouvumbua Bill Booth, maana mikanda ikikakamaa kwa chumvi huachia kwa shida. Kamba za Vectran nimezipima tena: kushoto na kulia ziko sawa. Jumamosi nilimpelekea mzee wa shamba la mihogo kilo mbili za sukari. Alinionyesha mashina mapya pale nilipoangukia, nikautumia muda huohuo kupima kwa hatua kutoka safu ya minazi hadi kwenye mwembe. Ni hatua 140. Nimeziandika kwenye ramani yangu ya uwanja, na eneo lote hilo nimelipaka rangi nyekundu.